Wazazi Wazee na Amri ya Mungu
Amri ya kuwaheshimu baba na mama, ambayo Wakatoliki huihesabu ya nne na Waprotestanti wengi ya tano, haiwahusu watoto wadogo tu. Katika Marko 7, Yesu aliwakemea waliotenga mali yao iwe wakfu kwa Mungu huku wakiwanyima wazazi msaada. Hapo heshima ni chakula na matunzo, si maamkizi pekee. Paulo, katika 1 Timotheo 5, anawataka watoto na wajukuu wamtunze mjane wa familia yao kabla kanisa halijabebeshwa mzigo. Vivyo hivyo leo, kwa kijana wa eneo la Yahuma, Kongo, aliyehamia mjini Kisangani, fedha anazomtumia mama yake ni msaada wa kweli, lakini fedha hazichoti maji wala hazikeshi na mgonjwa. Ndugu waliobaki kijijini ndio hukesha, nao wanastahili kusaidiwa.