Kusoma Eksirei ya Tumbo la Mbwa na Paka

Mbwa aliyemeza gunzi la hindi hutapika, hukataa chakula na kuonekana mnyonge. Anapofikishwa kwa daktari wa mifugo na kupigwa picha ya eksirei, swali la kwanza la mwenye mbwa huwa: "Je, gunzi linaonekana?" Swali hilo ni la haki, lakini jibu lake laweza kupotosha. Vitu kama gunzi, kitambaa, uzi na mfuko wa plastiki mara nyingi havijitokezi waziwazi katika picha. Kwa hiyo, picha isiyoonyesha kitu kigeni si hakikisho kwamba tumbo ni salama.

Eksirei ni picha ya vivuli. Hewa huzuia mionzi kidogo sana, hivyo huonekana nyeusi. Mafuta huwa ya kijivu kilichokolea, maji na nyama huwa ya kijivu hafifu, mfupa huwa mweupe, na metali huwa nyeupe kupita vyote. Kwa kuwa maji na nyama vina kivuli kimoja, mipaka ya ini, bandama na figo huonekana kwa msaada wa mafuta yanayovizunguka viungo hivyo. Ndiyo maana tumbo la mtoto wa mbwa, au la mnyama aliyekonda, huonekana kama limetandwa na ukungu hata pasipo ugonjwa. Kwa mnyama mzima mwenye mwili wa kutosha, ukungu huo huweza kuashiria maji, damu au usaha tumboni.

Picha moja haitoshi. Mnyama hupigwa akiwa amelala ubavu, kisha akiwa chali, ili kilichofichwa na kiungo kimoja kionekane kwa upande mwingine. Msomaji hufuata mpangilio uleule kila mara: mifupa na kuta za tumbo, ini, bandama, figo, kibofu cha mkojo, mfuko wa chakula, kisha utumbo. Mpangilio huo humkinga asivutwe na dosari moja akasahau nyingine.

Utumbo ndio unaobeba ushahidi wa kitu kisichoonekana. Kwa mbwa, upana wa utumbo mwembamba hulinganishwa na kimo cha pingili ya tano ya kiuno. Ukizidi mara 1.6 ya kimo hicho, shaka ya kuziba huongezeka. Kwa paka, upana unaozidi milimita 12 hutia shaka. Alama nyingine muhimu ni utumbo wa saizi mbili: sehemu moja imevimba kwa hewa au maji, na nyingine imebaki ya kawaida.

Paka aliyemeza uzi huacha alama yake pia. Utumbo hujikunja na kukusanyika kama kitambaa kilichovutwa kwa uzi wa kushonea, na viputo vidogo vya hewa huonekana vikiwa na umbo la alama ya mkato. Mara nyingi ncha ya uzi hunasa chini ya ulimi. Mwenye paka asiuvute kamwe, kwa sababu uzi uliokazwa huweza kuukata ukuta wa utumbo.

Dharura kubwa zaidi ni kujipinda kwa mfuko wa chakula, hasa kwa mbwa wakubwa wenye kifua kirefu. Tumbo hufura, na mbwa hujaribu kutapika bila kutoa kitu. Akipigwa picha akiwa amelalia ubavu wa kulia, mfuko huonekana umegawanyika katika vyumba viwili vya hewa. Hata hivyo, mbwa aliyezimia au anayehema kwa shida huanza kutibiwa kwanza, picha hufuata.

Eksirei ina mipaka mingine. Baadhi ya mawe ya kibofu, yakiwemo ya yureti na sistini, huweza yasionekane. Mifupa ya watoto walio tumboni mwa mbwa huanza kuonekana takriban siku ya 45 ya mimba, hivyo picha ya mapema haithibitishi kwamba hana mimba. Katika hali hizo, kipimo cha mawimbi ya sauti, yaani altrasaundi, husaidia zaidi.

Mwenye mnyama naye ana sehemu yake katika usomaji huu. Sindano iliyopotea na uzi wake, soksi isiyoonekana, au gunzi lililotoweka jalalani ni habari ambazo picha huenda isizitoe. Daktari aelezwe yote, na mnyama anayeendelea kutapika arudishwe apigwe picha nyingine, hata kama ya kwanza haikuonyesha kitu.