Mhubiri Anayejua Nani Amefiwa

Jumamosi jioni, katika mtaa mmoja wa Kilutheri miteremkoni mwa Kilimanjaro, mwinjilisti ametoka shambani, amenawa miguu na kukaa mezani. Mbele yake pana Biblia iliyolegea jalada, daftari, na Kalenda ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) inayompa somo la kesho. Somo hilohilo litahubiriwa Dar es Salaam, kwenye sharika zenye spika kubwa na kwaya kadhaa. Ila kuna jambo ambalo Kalenda haikuandika: Jumatano wamemzika mzee wa nyumba ya tatu, na wanawe wameshaanza kuvutana juu ya kihamba, shamba la ukoo.

Siku hizi likitajwa neno mahubiri, wengi humfikiria mtumishi maarufu jukwaani, au video iliyotumwa kwenye simu. Vijijini, sauti ya Jumapili ni nyingine kabisa. Mchungaji mmoja hulea usharika wenye mitaa kadhaa na kuizungukia kwa zamu. Akifika, hubatiza na kutoa Meza ya Bwana. Asipofika, mimbari ni ya mwinjilisti. Kwa Wakatoliki nako, homilia ya Misa ni kazi ya padre au shemasi, lakini kigangoni padre asipokuwepo, katekista ndiye huongoza Ibada ya Neno.

Utumishi huo una mizizi mirefu. Wamisionari wa Kijerumani wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliwaondoa Wajerumani, na mwaka 1920 hata mmisionari Bruno Gutmann, aliyekuwa ameishi na Wachaga kwa miaka mingi, alilazimika kuondoka. Milango ya makanisa haikufungwa. Walimu Wachaga walisimama mimbarini, wakahubiri na kufundisha wanaojiandaa kwa ubatizo. Makanisa saba yalipoungana kuwa KKKT mwaka 1963, kiongozi wake wa kwanza alikuwa Stefano Moshi, mzaliwa wa mlima huohuo.

Mahubiri yachukue muda gani? Mwaka 2024 Papa Fransisko aliwasihi mapadre wasizidishe dakika nane, maana watu husinzia. Kwa Walutheri wengi, nusu saa haimshtui mtu.

Urefu, hata hivyo, si mzigo mkubwa wa mwinjilisti wetu. Mzigo wake ni ujirani. Mhubiri wa kwenye simu anaweza kukemea tamaa ya mali mpaka sauti ikakauka, na hakuna atakayegeuza shingo kumtazama mwenzake. Mwinjilisti akitaja neno “urithi” kesho, macho ya kanisa zima yatakwenda kwenye benchi moja. Wale ndugu ndio waliomlimia alipougua, na watoto wao amewafundisha kipaimara. Akinyamaza, mjane atajua amenyamaza. Akisema kwa ukali, huenda wasirudi Jumapili ijayo. Ndiyo maana daftari lake lina mistari mingi iliyokatwa. Kazi hii inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa, na malipo bora pia, kwa kuwa wengi wanaoifanya huishi kwa jembe.

Vijana wanamlinganisha na wahubiri wa YouTube, na kwa ufasaha pengine wahubiri hao wanamshinda. Lakini hakuna hata mmoja kati yao atakayekuja msibani usiku, na tochi mkononi, kukaa na wafiwa.

Asubuhi anapanda mimbarini. “Bwana Yesu asifiwe!” Wanaitikia, “Amina!” Anasoma somo taratibu, kisha anamzungumzia mama mjane wa kwenye Biblia, bila kumtaja mtu yeyote wa mtaani. Anakaa kimya kidogo kabla ya kuendelea. Benchi la tatu, kaka mkubwa ameinamisha kichwa.

Ibada ikiisha watu wanatoka wakiimba, wanapeana mikono na kusimama duara nje kwa mnada wa sadaka: mayai, maparachichi, mkungu wa ndizi. Mkungu unamwangukia yule kaka. Analipa, anauinua begani, kisha anashika njia ya kwa mama yake.