Michikichi 64

Moto huwashwa baada ya swala ya alfajiri. Pipa lililokatwa kichwa limekaa juu ya mafiga, ndani yake chikichi zilizopukuchuliwa jana, na anayechochea kuni ni mwanamke. Chikichi zikishachemka saa kadhaa na kulainika, hutiwa kwenye mashine ya chuma yenye mpini mrefu, na watu wawili huizunguka kama ngamia wa kinu cha mafuta. Hutoka uji mwekundu. Unatiwa maji, mafuta yanaelea, yanaenguliwa, yanarudishwa motoni yakauke maji. Siku ikienda vizuri, magharibi inapoadhiniwa dumu la lita 20 limejaa.

Hakitupwi kitu hapo. Makapi yanakaushwa yawe kuni za kesho. Kokwa zinaanikwa, kisha bibi na wajukuu waliotoka madrasa wanakaa chini na mawe mawili, wanazipasua moja moja kutoa mise, kiini kinachokamuliwa mafuta ya kutengenezea sabuni.

Ndivyo maisha yalivyo katika vitongoji vingi vya wakulima kuzunguka mji wa Ujiji, mkoani Kigoma, na mwambao wa Ziwa Tanganyika: msikiti mmoja, madrasa, mihogo, maharage, na michikichi ambayo baadhi yake haijulikani ilipandwa na nani.

Mkoa wa Kigoma una watu zaidi ya milioni 2.4 kwa sensa ya 2022, na wengi ni Waha. Kadiri unavyopanda kuelekea Kasulu na Kibondo ndivyo makanisa yanavyoongezeka. Kando ya ziwa Uislamu ndio uliokolea. Nao ulifika kwa miguu, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora, katika misafara ya pembe na watumwa. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipotia mguu Ujiji mwaka 1858, wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walikuwa wameshatangulia. Wamanyema waliovuka ziwa kutoka Kongo, baadhi wakiwa wapagazi na baadhi watumwa, walisilimu, wakaoana na wenyeji, wakabaki. Mwaka 1914 reli ya kati ilimalizikia Kigoma, kilomita chache kutoka Ujiji, na biashara ikaifuata. Watalii bado hupelekwa kuona mahali mwandishi wa habari Stanley alipokutana na mmisionari Livingstone mwaka 1871, chini ya mwembe. Ni wachache wanaotembea hatua zaidi kutazama mashamba.

Wakipata nafasi ya kutembea, wataona miti mirefu, mizee, yenye matunda ya ganda nene. Hiyo ni dura, mbegu ya asili. Ukiipasua chikichi yake, sehemu kubwa ni kokwa na nyama yenye mafuta ni kidogo. Mwaka 2018 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alizindua kampeni ya kufufua zao hili mkoani Kigoma, na kituo cha Kihinga cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu za tenera, ambayo kokwa yake ni ndogo na nyama yake nyingi. Sababu ya haraka hiyo ilikuwa wazi: sehemu kubwa ya mafuta ya kula yaliyotumika Tanzania ilitoka nje, na mengi yalikuwa mawese ya Malaysia na Indonesia.

Hapo ndipo mzee yeyote wa Kigoma atakapokwambia kwamba Wamalaysia walianza kilimo hiki kwa mbegu walizochukua kwetu. Ni hadithi tamu, ila si kweli. Michikichi ya Asia ya Kusini-Mashariki ina asili ya Afrika Magharibi; miche minne ilipandwa katika bustani ya Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848, na shamba la kwanza la biashara Malaysia lilianzishwa mwaka 1917. Walichotuzidi ni kuchagua mbegu na kuitunza.

Na mbegu ina ujanja wake. Tenera ni chotara: mama dura, baba pisifera, aina isiyo na ganda kwenye kokwa na ambayo kwa kawaida maua yake ya kike ni tasa. Siri hiyo ilifumbuliwa Yangambi, Kongo, mwaka 1941. Maana yake shambani ni hii: ukiokota kokwa chini ya tenera nzuri ya jirani ukaziotesha, karibu nusu tu ndizo zitakuwa tenera. Ikiwa chavua nayo ilitoka kwa tenera, robo zitarudi kuwa dura, robo nyingine pisifera, na kwa macho huwezi kuzitambua mpaka miti ianze kuzaa. Umepalilia miaka mitatu au minne, kumbe umelea utasa.

Kwa hiyo mzee anayekataa kukata dura zake hana ubishi, anapiga hesabu. Zile zinampa dumu la leo, na mche utampa la miaka ijayo. Kinachomsaidia ni kwamba mchikichi mchanga hauna kivuli kikubwa, kwa hiyo katikati ya mistari anaweza kupanda maharage na mihogo wakati anasubiri.

Tatizo jingine ni mirathi. Chukua mfano wa kubuni: mzee kaacha michikichi 64, kama ekari moja na kidogo, pamoja na mke, wana watatu na binti wawili. Kwa sheria ya Kiislamu mke anapata thumuni, yaani miti 8. Inayobaki, 56, inagawanywa mtoto wa kiume mara mbili ya wa kike: kila mwana 14, kila binti 7. Hesabu imetimia bila hata mti mmoja kubaki. Sasa mmoja wa wana naye afariki akiacha familia kama hiyo. Mjane wake hafikishi hata miti miwili. Lakini hakuna katika dini kinachowazuia warithi kuliacha shamba likiwa moja, wakagawana mafuta kwa mafungu yaleyale. Binti aliyeolewa mbali naye asinyamazishwe: haki yake imo katika Kurani, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inamtambua kuwa sawa na mwanamume katika kumiliki ardhi. Tena anayechemsha pipa ni mwanamke, ingawa miti huhesabiwa kwa jina la baba.

Mwambaoni, mkulima pia ni mvuvi nusu. Usiku wa giza anatoka na taa kuvutia dagaa, mwezi ukiwa mpevu anarudi kwenye jembe. Tanzania ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, jembe lilibaki peke yake, na kitoweo kikapungua sahanini.

Mkataba wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Dumu la mawese litafika Dar es Salaam haraka zaidi, lakini reli haitamwondoa mwanamke motoni. Kwa vitongoji hivi, mashine moja ya kukamua kwa injini, mali ya kikundi cha kina mama, ingebadili mengi kuliko hotuba kumi kuhusu uwekezaji. Mkopo nao upo kwa anayeogopa riba: Amana Bank inatoa huduma za benki bila riba tangu 2011, na mabenki mengine yamefungua huduma kama hiyo.

Mvua za Kigoma huanza Oktoba, na huo ndio wakati wa kupanda. Anayetaka tenera aende kwenye kitalu kinachotambuliwa na TARI, aulize mbegu imetoka wapi kabla ya kutoa pesa, na kokwa za chini ya mti wa jirani awaachie watoto wapasue mise.