KULALA SI KUFA: VIRUSI VYA SIDA VINAJIFICHA WAPI?

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu huku chungu kikiwa motoni,

Baba mmoja wa kazi ya chini ya ardhi alikuja kwenye dispansere yetu amekonda, ana homa, na vidonda vimejaa mdomoni. Nikafungua fishi yake. Zaidi ya mwaka mmoja mbele ya siku ile, laboratwari ilikuwa imeandika kwamba virusi vya SIDA havionekani tena katika damu yake. Nikamwuliza: «Baba, dawa bado unameza?» Akanijibu: «Dokta, mliniambia ninyi wenyewe kwamba havionekani. Mtu aliyepona anameza dawa ya nini?»

Kosa lile lilikuwa letu pia. Tulimpa neno «havionekani», hatukumpa maana yake. Basi sikiliza vizuri, maana wengi katika makambi yetu wanafikiri kama yeye.

SIDA si kama minyoo ya tumbo, ambayo unameza dawa leo na kesho inatoka. Katika damu yako kuna chembe ndogo sana ambazo ni askari wa mwili. Virusi vinaingia ndani ya askari hao hao. Kirusi kikishaingia, kinakwenda mpaka moyoni mwa chembe, mahali panapokaa maagizo yake yote, na kinachomeka karatasi yake humo. Tangu hapo chembe inasoma karatasi ile kama agizo la shefu wake, na inaanza kutengeneza virusi vingine. Nyingi zinakufa katika kazi hiyo.

Lakini si zote. Mwili una desturi ya kuweka askari wa zamani wanaokumbuka magonjwa ya zamani. Wako kama wazee wa pansyoni: wamekaa kimya miaka mingi, wanangoja siku ya kuitwa. Baadhi yao wanaingia katika mapumziko hayo na karatasi ya kirusi ndani yao. Hawatengenezi kitu. Walinzi wa mwili wanapita mbele yao na hawaoni neno. Dawa nayo inazuia virusi visizaliwe na visiingie katika chembe mpya, lakini karatasi iliyokwisha kuchomekwa haiifuti. Na laboratwari inahesabu virusi vinavyotembea katika damu, haihesabu vile vilivyolala.

Waganga wa Marekani walionyesha jambo hili wazi katika mwaka 1997, kwa wagonjwa waliokuwa wakimeza dawa vizuri kabisa. Katika chembe milioni moja za askari waliopumzika, karibu moja tu ilikuwa na kirusi kinachoweza kuamka. Utasema: moja tu? Ndiyo, lakini moja inatosha kuanza upya. Walipima tena miaka iliyofuata, wakaona hesabu ile inapungua nusu katika miezi 44 hivi. Kwa mwendo huo, kuimaliza yote kwa dawa peke yake kungetaka miaka zaidi ya 70. Sababu mojawapo ni kwamba chembe iliyolala inaweza kujigawa mara mbili, na karatasi inanakiliwa pamoja nayo.

Wewe wa mugodi unajua kazi ya pompi. Shimo ni kavu kwa sababu pompi zinatembea, si kwa sababu maji yamekwisha katika mwamba. Katika mwaka 2011, pompi kubwa za Kipushi zilipokufa, maji yalipanda mamia ya mita. Dawa ya SIDA ni pompi. Ukiiacha, chembe moja inaamka huku na nyingine kule, na mara nyingi katika majuma machache tu virusi vimejaa tena.

Je, hakuna aliyepona? Wapo, lakini unawahesabu kwa vidole. Wa kwanza ni Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekaa Berlin. Alikuwa na SIDA, kisha akapata kansa ya damu. Katika mwaka 2007 na 2008 walimwekea uboho wa mifupa wa mtu mwingine, ambaye chembe zake kwa kuzaliwa hazina mlango ambao virusi vile vinapitia. Aliacha dawa, na virusi havikurudi mpaka alipofariki katika mwaka 2020, kwa kansa ile ile. Lakini matibabu hayo yanaweza kuua, na hakuna mganga anayeyafanya kwa mtu asiye na kansa.

Wengine wanatafuta dawa ya kuamsha chembe zilizolala ili ziuawe. Katika mwaka 2012 walijaribu dawa moja ya kansa: virusi viliamka kweli, lakini chembe hazikupungua. Wengine wanataka kinyume chake, kufunga karatasi ile isisomwe milele. Ni kazi ya kweli, lakini haijafika. Kuna mtoto wa Mississippi, Marekani, aliyepewa dawa masaa 30 baada ya kuzaliwa. Baadaye aliachishwa dawa, akakaa zaidi ya miaka miwili virusi havionekani. Dunia nzima ilifurahi. Katika mwaka 2014 vilirudi.

Kwa hiyo mtu akikuuzia chupa sokoni na kusema inaponyesha SIDA, mwulize chembe zilizolala ameziamsha namna gani.

Wewe unayemeza, chagua saa moja isiyobadilika hata posti yako ikibadilika, ya asubuhi au ya usiku. Ukisahau, meza ukikumbuka, usimeze viwili pamoja. Ukianza dawa ya kifua kikuu, tuambie mara moja, kwa sababu kipimo cha kidonge kinaweza kubadilishwa. Na mama, neno «havionekani» lina faida yake kubwa: mume au mke anayemeza vizuri, na virusi vimekaa bila kuonekana, hamwambukizi mwenzake katika ndoa.

Yule baba alianza tena dawa. Alirudi kazini, kwanza juu, katika depo, kisha chini na ekipi yake. Kila akija kuchukua chupa yake ananiuliza kama wale wa ng'ambo wamekwisha kupata. Namjibu: bado. Anatia sahihi kwenye fishi, anakwenda zake.