RUZUKU YA AJIRA: JE, INAMFIKIA NANI?



Katika ziara zetu sharikani, kamati kadhaa zimetuuliza: vijana wanahitimu ufundi lakini hawapati kazi; je, mradi usiwasaidie waajiri kulipa sehemu ya mshahara ili wawachukue? Kabla ya kujibu, tuangalie uzoefu wa Afrika Kusini.

Tangu tarehe 1 Januari 2014, serikali ya nchi hiyo humpunguzia kodi mwajiri anayeajiri kijana wa miaka 18 hadi 29 mwenye mshahara mdogo. Mwanzoni punguzo halikuzidi randi 1,000 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza, na nusu yake mwaka wa pili. Baadaye kiwango kilipandishwa. Vyama vya wafanyakazi vilihofia kuwa wazee wangeachishwa kazi kupisha vijana, na sheria iliweka faini ya randi 30,000 kwa kila mfanyakazi atakayeondolewa kwa njia hiyo.

Matokeo yakoje? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town waliopima kipindi cha mwanzo hawakuona ongezeko la maana la ajira kwa vijana. Tafiti za baadaye ziliona nafuu kiasi, hasa katika kampuni ndogo.

Tuchukue mfano. Mwenye karakana ameajiri vijana 10, lakini 8 angewaajiri hata bila ruzuku. Fedha zimelipwa kwa wote 10, ila ajira mpya ni 2 tu.

Kuhusu ustawi, kijana aliyepata kazi ya kwanza hupata kipato na uzoefu. Lakini punguzo hupitia kodi ya mishahara, hivyo hulipata mwajiri aliyesajiliwa. Kijana anayeuza bidhaa barabarani, au anayeishi kijijini kusiko na kampuni, haguswi. Walio karibu na ajira huinuliwa, na maskini zaidi huweza kubaki nyuma.

Hatusemi ruzuku haifai. Tunashauri kila kamati, kabla ya kuleta ombi, ijiulize:

1. Je, kijana huyu angeajiriwa hata bila fedha zetu?
2. Je, kuna mfanyakazi atakayepoteza nafasi yake?
3. Je, msaada ukiisha kazi itaendelea?
4. Je, wasio na mwajiri tumewaandalia nini?

Wafadhili wetu nao wana haki ya kupata majibu hayo. Kuhesabu vijana waliolipwa hakutoshi. Tuhesabu wale ambao bila msaada wangebaki nyumbani.