Krismasi Matongo: Kichuri kipo, pilau ipo, ila unga wa muhogo usiuharakishe

Ikifika wiki ya tatu ya Desemba, stendi ya Tarime mjini haipitiki. Watu wanarudi nyumbani kutoka Mwanza, Dar es Salaam na Arusha, wengine wanavuka mpaka pale Sirari wakitokea Kenya. Wanaoelekea Nyamongo wanabadilisha gari, na juu ya keria kuna magunia ya mchele, madebe ya mafuta ya kula na begi la nguo mpya za watoto.

Matongo ni moja ya kata za upande huo, jirani kabisa na mgodi wa dhahabu wa North Mara. Ukiigoogle utaletewa habari za dhahabu tu. Leo tuache mgodi, tuingie jikoni.

Kama umealikwa kula sikukuu kwa familia ya Kikurya kwa mara ya kwanza, jiandae kushiba. Kukataa chakula ukiwa mgeni ni kazi ngumu. Ukisema "nimeshiba", mama mwenye nyumba anasikia "niongeze".

Wali wa wageni, ugali wa kila siku

Sahani ya Krismasi hapa inafanana na ya sehemu nyingi Tanzania: pilau au wali mweupe, nyama, chapati, kabichi, soda. Kwa mtoto wa kijijini soda na chapati ndiyo Krismasi yenyewe, hayo mengine ni nyongeza.

Lakini sufuria ya ugali haiondoki jikoni kwa sababu ya pilau. Wazee wengi watakula wali kidogo kwa heshima ya siku, halafu wataulizia ugali. Ni mweusi kidogo, mzito, wa unga wa muhogo uliochanganywa na mtama au ulezi. Kwa Kikurya ugali ni obokima, na mtu akila kitu kingine bila huo atakwambia hajala.

Kwa nini muhogo, na ni Desemba? Kalenda ya shamba ndiyo inayojibu. Mara ina mvua mbili, masika kuanzia Machi na vuli kuelekea mwisho wa mwaka. Mavuno makubwa ya nafaka yanakuja katikati ya mwaka. Kufika Desemba ghala limeshapungua, na mazao ya vuli mengi bado yako shambani. Muhogo hauna haraka hiyo. Unakaa ardhini hadi utakapouhitaji, hata mvua ikisumbua. Ndiyo maana wageni wanapokuja wengi kwa wakati mmoja, unaong'olewa ni muhogo.

Nitarudi kwenye muhogo, maana una jambo zito. Kwanza kitu ambacho kila mgeni ananiuliza.

Kichuri ni nini hasa?

Mbuzi au ng'ombe akichinjwa, ndani ya utumbo mwembamba kuna majimaji ya kijani. Ni majani aliyokula, yameshameng'enywa na kuchanganyika na nyongo. Yanakamuliwa, yanachujwa na kuchemshwa na chumvi, na wapishi wengine huongeza vipande vya utumbo na maini. Unapata mchuzi mchungu ambao nyama choma na ugali vinachovywa humo.

Ndiyo, ni mchungu. Mara ya kwanza uso unakunjika, mara ya tatu unaomba bakuli. Wapenzi wa kichuri wanasema kinakata mafuta ya nyama, na mimi nakubaliana nao: nyama ya mbuzi bila kichuri naiona imepooza.

Na kabla hujatucheka, Wailokano wa kaskazini mwa Ufilipino wana supu yao iitwayo papaitan, ya matumbo na nyongo ya mbuzi au ng'ombe. Jina lenyewe linatokana na neno la kwao la uchungu. Hawajawahi kufika Nyamongo, ila wangeelewana na wajomba zangu mezani.

Cha kuzingatia: kichuri kichemke kweli kweli, kisipashwe moto tu. Na mnyama wa sikukuu aonwe na afisa mifugo kabla nyama haijagawanywa, hata kama amechinjwa uani. Ng'ombe aliyekufa mwenyewe haliwi, hata kama ni wiki ya Krismasi na fedha hakuna. Kimeta kinaua, na vijidudu vyake vinajifunga kwenye ganda gumu ambalo moto wa kawaida wa jikoni hauliwezi.

Muhogo na mwaka 1985

Sasa turudi kwenye ugali.

Muhogo, hasa ule mchungu, una kemikali ambazo zikivunjika zinatoa sianidi, sumu kabisa. Bibi zetu hawakuwa na maabara, lakini walijua dawa yake ni muda. Unamenya, unauvundika au kuuloweka siku kadhaa hadi ulainike, unauponda, unauanika juani hadi ukauke kabisa, ndipo unasaga. Katika siku hizo zote sumu inavunjika na kupotea hewani. Wasomaji wa Kanda ya Ziwa mnaujua kwa jina la udaga.

Ukifupisha njia, sumu inabaki ndani ya unga.

Hili si hadithi ya kutishia watu. Mwaka 1985 wilaya hii ya Tarime ilipigwa na ukame. Nafaka zikakosekana, watu wakabaki na muhogo mchungu, na kwa njaa iliyokuwepo wakaufupisha. Watu wakaanza kupooza miguu ghafla. Watafiti waliokuja walitambua ni konzo, ugonjwa ulioandikwa kwa mara ya kwanza Congo mwaka 1938. Utafiti wao wa Tarime ulichapishwa mwaka 1990 na hadi leo unatajwa kila mahali konzo inapojadiliwa.

Jina konzo limetoka kwa Wayaka wa Congo, na linazungumzia miguu iliyofungwa. Mtu anaamka, au anatoka safari ndefu ya kutembea, na miguu imekakamaa. Wanaopatwa zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Hausambai kwa kugusana. Hauongezeki baada ya siku za kwanza, ila pia hauponi. Anayepona njaa anabaki na fimbo.

Mbona basi tunakula muhogo kila siku na tunatembea? Sababu ya kwanza ni uandaaji mzuri. Ya pili ni mboga. Mwili una njia yake ya kuiondoa sianidi kidogo kidogo, na kazi hiyo inahitaji salfa inayotoka kwenye protini. Dagaa, nyama, maziwa, maharage, vyote vinasaidia. Konzo inampata anayekula muhogo ulioandaliwa vibaya, wiki baada ya wiki, bila mboga ya maana. Kwa hiyo sahani moja ya ugali siku ya Krismasi, pembeni ya nyama, haitakupooza miguu.

Ila sumu ikiwa nyingi kwa mlo mmoja inaweza kukuangusha siku hiyo hiyo: kichwa kinauma, kizunguzungu, tumbo, kutapika. Ukiona hivyo baada ya ugali wa muhogo, wahi kituo cha afya. Usisubiri ukidhani ni pilau imezidi mafuta.

Na Desemba ndiyo mwezi wa haraka. Wageni kumi na mbili wamepiga simu jana, unga umeisha, mvua ya vuli inanyesha na muhogo haukauki. Hapo ndipo mtu anamenya leo, anaanika nusu siku, anakimbilia mashineni. Bora ununue unga wa mahindi dukani, hakuna atakayekucheka.

Kama unga umeshasagwa na una wasiwasi nao

Kuna njia rahisi iliyotengenezwa na watafiti wa Australia na kutumika vijijini Congo. Weka unga kwenye beseni, usawazishe, weka alama ndani ya beseni pale unga ulipofikia. Mimina maji huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, halafu utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha kumimina. Tandaza unga huo mbichi kwenye mkeka safi, unene usizidi sentimita moja. Uache juani saa 2, au kivulini saa 5. Kisha songa ugali siku hiyo hiyo, maana unga wenye maji haulali.

Haigharimu chochote, na inapunguza sumu iliyobaki kwa kiwango kikubwa. Ila haichukui nafasi ya kuvundika na kuanika.

Ukialika Msabato

Mara ina Wasabato wengi, kwa hiyo mwenyeji makini huuliza mapema. Nguruwe hapana, kambale hapana kwa sababu hana magamba. Sato na sangara wanakubalika. Pombe hapana, na wengi hawanywi kahawa wala chai ya majani, hivyo andaa maziwa au uji wa ulezi. Mwaka 2027 Krismasi itaangukia Jumamosi kama ilivyokuwa 2021. Kwao hiyo ni Sabato, na chakula kinapikwa Ijumaa kabla jua halijazama.

Wewe mgeni nawe usije mikono mitupu. Sukari kilo mbili, majani ya chai au sabuni vinatosha. Mpe mama, si baba.

Sherehe ile nyingine

Desemba hapa ina karamu nyingine inayotumia sufuria zile zile: esaaro, msimu wa tohara. Nyama, pombe ya ulezi, ngoma, zawadi. Kwa wavulana ni jando. Kwa wasichana ni ukeketaji, na ni kosa la jinai kwa mtoto aliye chini ya miaka 18 tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998. Adhabu ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini, au vyote. Takwimu za kitaifa za afya za mwaka 2022 zinaonyesha asilimia 28 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa.

Ukiwa mgeni hutatofautisha kirahisi, kwa sababu sahani zinafanana. Basi ukialikwa, au ukiombwa mchango wa mbuzi, uliza: tunamsherehekea nani, na kwa nini? Jibu likizungushwa na kuna binti ndani, dawati la jinsia na watoto lipo polisi. Namba 116 ni ya watoto na hailipiwi.