Keki za kijiti: Jinsi ya kuzitengeneza kwa mara ya kwanza bila kupoteza mtaji wako

Keki ikivunjika wakati wa kuitoa kwenye sufuria, au vipande vikibaki baada ya harusi au ubatizo, usivitupe. Unaweza kuvigeuza kuwa keki za kijiti: vitonge vidogo vya keki vinavyochomekwa kijiti na kufunikwa kwa chokoleti au sukari. Keki hizi zilipata umaarufu nchini Marekani kuanzia mwaka 2008, pale mwokaji Angie Dudley alipoonyesha kwenye intaneti jinsi anavyozitengeneza.

Makala hii inawahusu wakimbizi na wenyeji wanaoishi katika makazi ya wakimbizi nchini Uganda na maeneo jirani. Huhitaji friji wala oveni. Lakini kumbuka jambo moja: mara ya kwanza ni ya kujifunza, si ya kuuza. Tengeneza chache, na usichukue mkopo wa kikundi cha akiba kabla hujajua zinagharimu kiasi gani.

Unahitaji nini?

Kwa keki za kijiti 16 hadi 18:
- Keki ya kawaida isiyo na krimu, gramu 400. Kama huoki, nunua keki ndogo za dukani.
- Majarini, vijiko 2 vya chakula.
- Sukari laini ya unga, vijiko 4 vya chakula.
- Chokoleti ya kuyeyusha, gramu 200, au sukari laini ya unga vikombe 2.
- Vijiti vya mishikaki. Kata ncha kali kwanza.

Hatua kwa hatua

1. Nawa mikono kwa sabuni. Osha vyombo na uvikaushe kabisa.

2. Vunjavunja keki kwa vidole mpaka iwe kama chenga za mkate. Ondoa sehemu ngumu au zilizoungua.

3. Changanya majarini na sukari mpaka vilainike. Tia kwenye keki kidogo kidogo, usimimine vyote kwa pamoja. Finya mchanganyiko mkononi: ukishikana bila kuacha mafuta kwenye kiganja, umefika. Acha hapo hata kama majarini imebaki.

4. Viringisha vitonge vyenye ukubwa wa ndimu ndogo. Vitonge vikubwa huanguka kwenye kijiti.

5. Viache vipoe na kukaza kwa saa moja. Kwa kuwa huna friji, fanya kazi hii jioni au alfajiri. Weka vitonge kwenye chombo chenye mfuniko, kisha weka chombo ndani ya beseni lenye maji baridi. Maji yasiingie ndani.

6. Yeyusha chokoleti kwenye bakuli lililowekwa juu ya sufuria ya maji yanayofuka mvuke. Bakuli lisiguse maji. Hata matone machache ya maji yakiingia, chokoleti huwa mabonge. Ikiwa nzito, ongeza kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia.

7. Chovya ncha ya kijiti kwenye chokoleti, kisha ichomeke mpaka katikati ya kitonge. Subiri dakika 10. Chokoleti hiyo ndiyo gundi. Ukiruka hatua hii kitonge kitateleza.

8. Sasa chovya kitonge chote, kitoe, na ugonge kijiti taratibu kwenye ukingo wa bakuli ili chokoleti ya ziada idondoke.

9. Simamisha vijiti kwenye boksi ulilolitoboa matundu, au kwenye kikombe chenye maharage makavu, mpaka vikauke.

Na kama mnaishi sehemu yenye joto kali?

Chokoleti huanza kulainika joto likifika karibu nyuzi 30. Jua la mchana sokoni litaiharibu. Tumia sukari: changanya sukari laini ya unga na maji ya moto yaliyochemshwa, kijiko kimoja hadi kimoja na nusu kwa kila kikombe, mpaka uwe uji mzito. Chovya, kisha nyunyizia chenga za biskuti au karanga zilizokaangwa na kusagwa. Sukari hukauka na kushika bila kuyeyuka juani.

Makosa ya kawaida

- Ganda limepasuka: chokoleti ilikuwa ya moto sana na kitonge baridi sana. Acha chokoleti ipoe kidogo kwanza.
- Kitonge kimeanguka: mchanganyiko una majarini nyingi, au kitonge ni kikubwa.

Usalama wa walaji

Ziuze siku hiyo hiyo au kesho yake, zikiwa zimefunikwa dhidi ya nzi na vumbi. Usitumie karanga zenye ukungu, na mwambie kila mnunuzi kama umeweka karanga, kwani zinaweza kuwadhuru vibaya baadhi ya watu. Kwa watoto wadogo, ondoa kijiti na ukate kitonge vipande.

Je, zinalipa?

Andika gharama zote: keki, sukari, chokoleti, vijiti, makaa, usafiri. Kisha gawa kwa idadi ya keki zinazofaa kuuzwa, si idadi uliyotengeneza. Tuseme umetumia shilingi 9,000 na umepata keki 18. Kila moja imekugharimu 500. Lakini zikiharibika 3, zinabaki 15, na kila moja imekugharimu 600. Ukiuza kwa 500 kwa sababu jirani anauza hivyo, umepoteza 1,500 bila kujua. Namba hizi ni mfano tu. Weka za soko lako.

Wape majirani chache waonje, uwaulize wangelipa kiasi gani. Kama jibu liko chini ya gharama yako, ni bora kujua sasa, kwa keki 18, kuliko baada ya kununua vifaa vya keki 200.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi anayetambuliwa kufanya kazi na biashara kwa kufuata sheria za nchi. Kabla ya kuanza kuuza mara kwa mara, muulize mwenyekiti wa wakimbizi au uongozi wa mtaa wako kama unahitaji leseni, na uulize pia ada yake. Ikiwepo, iongeze kwenye hesabu yako.